Chaneli Nane za Mama Sanga

Jumanne, Mafinga

Intaneti imekata tena. Mama Sanga kanipigia mara tatu kutoka kwenye kiwanda chake cha mbao. "Fundi, mteja yuko kwenye video anakagua mbao, mimi nimeganda kama picha ya kitambulisho!"

Nimeenda. Ruta ilikuwa imenasa mawimbi ya rada ya hali ya hewa, ikaacha kurusha. Ndiyo sheria: baadhi ya chaneli za hewani ambazo ruta hutumia ni za rada kwanza, Wi-Fi inaazima tu.

Nikamweleza kwamba yake imeunganisha chaneli nane kuwa moja pana, na rada ikigusa moja, zote zinahama.

Akaguna. "Ni kama meza ya mbao nane zilizopigwa gundi. Moja ikipinda, meza nzima inarudishwa kiwandani."

Chuoni sikuwahi kuelezwa vizuri hivyo.

Nimemwachia nne, zisizogusana na rada. Kasi imeshuka, video haikatiki.

"Sasa nani huyo aliunganisha nane?"

Nikamwambia ruta zinatoka hivyo dukani. Akanipa pole ya usumbufu, na mfuko wa viazi.

Niliziunganisha mimi, siku ya kumfungia ruta. Nilitaka aone kasi kubwa anisifie. Alinisifia.

Viazi nimechemsha. Vitamu sana, ndiyo shida.