Trela ya Filamu Ambayo Hukuimaliza

Mpendwa Baba Njeri,

Jumamosi ile uliponipeleka sinema mjini, kabla hujanioa, nilikasirika. Nilikuja kuona filamu moja, na pale mbele vilikuwa vinapita vipande vya filamu nyingine. Nikakunong'oneza, "Kwani wataanza saa ngapi?"

"Hizi trela ndizo nilikuja kuona," ukasema. Kisha, bila kujali waliotugeukia, ukanipa historia yote: kwamba zamani, huko Amerika, zilionyeshwa filamu ikishaisha, zikifuata nyuma kama trela ya lori, ndiyo jina likabaki. Watu wakawa wanainuka kwenda zao, basi wenye sinema wakazileta mbele. Mwanzoni zilijaa maandishi makubwa, baadaye zikapata wanaume wa sauti nzito. Wakati huo ulikuwa ukihariri video za harusi River Road, lakini siku hiyo nilijua harusi za watu hazitakutosha.

Njeri alipozaliwa ukaanza filamu yako mwenyewe. Tukapiga picha mbele ya lango moja la matajiri huko Spring Valley, mimi nikiwa yaya aliyefukuzwa kazi, mpaka askari wa lango akatoka akifoka, "Nyinyi, hapa si studio!" Hukuzima kamera. Ukaianza trela yako kwa kufoka kule.

Ikabaki sauti ya msimulizi. Yako haikuwa nzito, ukanigeukia.

"Mimi? Na hii sauti ya kuitia watu nguo sokoni Ngara?"

"Hiyo hiyo ndio nataka, Mama Njeri. Waite."

Nikawaita. Trela ilipowekwa kwenye runinga ya duka la kanda, River Road, watu walisimama hadi barabarani. Askari alipofoka walicheka; nilipolia wakanyamaza. "Inatoka lini?" wakauliza. "Inakuja," ukajibu, umenishika mkono mbele ya umati, wewe ambaye hukuwahi kunishika mkono njiani.

Ugonjwa wa mapafu haukungoja. Tulikuzika filamu haijafika nusu.

Wateja wangu walinitambua kwa sauti. Wakiuliza, nilisema, "Inakuja," mwaka baada ya mwaka. Kusema vingine kungekuwa kukuzika tena.

Juzi mama mmoja aliyekuwa akichagua sweta alinitazama sana. "Si wewe ndio yule yaya wa kwa gate? Ile filamu ilitoka?"

Sijui nini kilinifungua mdomo. "Haikutoka, dada. Mwenye kuitengeneza alikuwa bwanangu. Alituacha."

"Woi, pole." Akaikunja sweta mkononi. "Mimi nilikuwa yaya huko Spring Valley. Kila siku ya off, nikipewa mapumziko, nilikuwa napitia River Road nione hiyo trela. Sasa yule yaya mwisho wake ulikuwaje?"

Nikamvutia kiti. Nikamsimulia yote, vile ulivyonisimulia wewe tukipika chai. Njeri, aliyekuwa ametoka shule, akafunga kitabu chake akasogea. Nilipofika pale yaya anarudi langoni, si kuomba kazi, bali kumuaga mtoto aliyemlea, yule mama alijifuta macho kwa sweta ambayo hakuwa ameilipia.

"Ni Baba alifikiria hiyo?" Njeri akauliza.

"Ni yeye."

Pumzika, Baba Njeri. Sasa tuko watatu tunaoijua mpaka mwisho.

Mkeo,
Mama Njeri