Tulipu Zilizolala Kwenye Friji

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za mama yako, nyingi mpaka bahasha haifungiki. Hujambo? Unakula ukashiba, au umerudia tabia yako ya chai na kitabu? Sisi huku wazima, ila goti langu ndilo lenye maneno. Leo naandika badala ya kupiga simu; sababu utaikuta huko chini.

Tulipu zako zimechanua! Vile vitunguu vya maua ulivyotuma nilivilaza kwenye friji kama ulivyoelekeza, vipate baridi ya kwao, na matunda nikayatoa yote, maana ulisema vikikaa pamoja ua litafia ndani. Baba yako akalalamika kwamba hajapata kuona nyumba ambayo maua yanalala pazuri kuliko mwenye nyumba. Nikamwambia akipenda naye aingie.

Sasa ziko kwenye vyungu kibarazani, nyekundu, zimenyoosha shingo kama watoto wa shule wanaosubiri kupigwa picha. Jirani yetu fundi cherehani alikuja akazibonyeza, akidhani za plastiki. Nikamwambia atoe vidole vyake, hayo ni maua ya binti yangu anayesomea maua, na mikono iliyoyalea ndiyo hii. Mtaa mzima unajua. Nimehakikisha.

Lakini wewe siwezi kukudanganya. Mikono haikuwa yangu. Mimi vile vitunguu nilivifukia kichwa chini miguu juu! Kesho yake nikamkuta baba yako amepiga magoti, udongo mpaka viwikoni, anavigeuza kimoja kimoja, ncha juu. Nikamuuliza kajulia wapi. Akasema si ulieleza kwenye simu. Kumbe, mwanangu, siku zote tukizungumza, yule mzee anayekoroma kwenye kochi halali! Anakusikiliza wewe, ndiyo maana leo naandika. Huyo huyo aliyekuambia hakulea binti aje kupanda vitu visivyolika, ndiye anayehamishia vyungu kivulini jua likikolea, na kuvinywesha maji ya baridi.

Tangu uondoke na maneno yale mmenifanya posta yenu, kila salamu nabeba mimi. Nimechoka. Yeye hawezi kuanza. Unaijua shingo yake ngumu, na wewe umeirithi nzima nzima. Basi ukipiga simu, usiniulize mimi chochote. Sema unamtaka mtunza bustani. Nitamwekea simu sikioni akiwa bado anakoroma.

Majirani wanakusalimu, hata fundi. Jifunike vizuri usiku.

Ni mimi mama yako,
mama wa bingwa wa maua.