Mtutu Mzito, Mtutu Mwepesi

Jumapili jioni, mwezi wa tatu, 2007. Stechford.

Rasharasha tangu asubuhi, ile mvua isiyokulowesha na isiyokuacha ukauke. Nimekaa mbele ya kompyuta, nimeinuka, nimekwenda dirishani, nimerudi. Chai imepoa kikombeni. Mwili umechoka lakini miguu haitaki kutulia.

Ni hii bunduki.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni Mtanzania, mtu wa Mahenge, napanga mizigo kwenye ghala huku ughaibuni, mtaa wa Washwood Heath. Ndani ya lile ghala hakuna dirisha hata moja. Siku za mapumziko nakwenda kwa Bwana Gurdip, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, ambaye alipostaafu alinunua kishamba cha kondoo upande wa Bromsgrove. Macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kulenga, na mbweha wanammalizia wanakondoo. Basi nalenga mimi, kwa bunduki yake, yeye akiwa pembeni yangu kama sheria inavyotaka. Ukiwa umelala kifudifudi kwenye nyasi, unasubiri, kichwa kinanyamaza. Kwangu mimi hakuna mahali pengine kinaponyamaza.

Sasa polisi wamenipa kibali cha kununua ya kwangu, na tangu hapo sina amani.

Dukani wameniwekea mbili. Moja ina mtutu mwembamba, nyepesi, unaibeba begani shamba zima bila kuhema. Nyingine ina mtutu mnene, mzito, wa kupigia wanyama waharibifu kutoka mbali. Ile nzito ukiilaza imelala. Haitetemeki na pumzi yako, na hata ukipiga risasi kadhaa mfululizo, mtutu hauchemki upesi ukaanza kupoteza shabaha. Lakini kuibeba ni kama kubeba gunia la mchele kwa mkono mmoja.

Nimebadili mawazo mara ngapi sijui. Juzi niliendesha foklifti huku nawaza mitutu, nikagonga rafu, msimamizi akaniuliza kama nimelewa.

Na sikuwa nimemuuliza mke wangu.

Mama Neema ni Mkongomani, wa Uvira. Afisa wa polisi alipokuja nyumbani kuangalia kabati la chuma la bunduki litafungwa ukuta gani, mke wangu alimpikia chai, akamkaribisha vizuri, akakaa na sisi mwanzo hadi mwisho bila neno. Nilihesabu kimya chake kuwa ndiyo. Ni rahisi kusikia ndiyo pale unapoitaka.

Leo asubuhi navaa buti, akatokea mlangoni na koti lake.

"Leo naenda na weye."

Hajawahi kwenda. Neema tukamwacha kwa jirani. Njia nzima kwenye gari nilizungumza mimi tu, juu ya hali ya hewa.

Tulimkuta Bwana Gurdip amesimama kando ya ua wa shamba, kilemba kimelowa, anaangalia chini. Mwanakondoo, wa kuzaliwa wiki hii, ameliwa shingo. Mama yake amesimama karibu, analia kwa sauti ile inayofanya utake kuondoka.

"Unaona, ndugu yangu? Usiku mzima nilikuwa hapo kwa dirisha na tochi," alisema. "Huyu mnyama ananicheka."

Tulimfukia. Kisha akatoa bunduki zake mbili nizijaribu, nyepesi na nzito, ili nimalize mashaka yangu. Alibandika karatasi kwenye tuta la udongo. Ile nyepesi, risasi ya kwanza ilikwenda nilipotaka, zilizofuata zikaanza kutangatanga. Ile nzito zote zilikaa pamoja. Nikafurahi kama mtoto. Nikageuka nimwonyeshe mke wangu.

Alikuwa amesogea. Akanyoosha mikono. "Niiguse."

Gurdip aliitoa risasi, akakagua mara mbili, akampa ile nzito. Mama Neema hakuishika kama mtu asiyejua bunduki. Aliilaza kwenye mikono yote miwili, mdomo wa mtutu ukaelekea udongoni, akakaa nayo hivyo.

"Kwetu balikuja na bunduki zabo," alisema, "baaskari, sijui ba nani. Balikaa mu nyumba yetu. Usiku balikuwa banazilalisha kwa meza, pale mama alikuwa anaweka sahani. Sikukuwa naogopa kufa. Nilikuwa naogopa kuamka usiku kwenda kukojoa, nizipite mu giza."

Tumeoana mwaka wa nane. Hili nilikuwa silijui.

Yeye akamrudishia Gurdip bunduki yake, akajifuta mikono kwenye koti.

"Kulinda kondoo ni kazi nzuri, Baba Neema. Sikatae. Ufanye. Lakini isilale kwetu."

Gurdip alikohoa. "Shemeji, kabati yangu ya chuma iko na nafasi. Polisi wakikubali, akuje atumie hapa, aiwache hapa. Hiyo haitakuwa shida kwangu."

Wakatazamana wao wawili, mimi nikiwa kama sipo. Wiki nzima nimepima unene wa vyuma, kumbe swali lilikuwa linanipikia chakula.

Mchana ulipoanza kufifia, mvua ikakatika, nikalala nyuma ya tuta na ile nzito, Gurdip kando yangu na darubini ya mkononi. Mama Neema alisimama nyuma yetu kwenye ukuta wa banda. Nilijua ananitazama mgongo.

Alitokea. Mwekundu, mkia chini, hana haraka. Akapanda ukingo wa kilima, akasimama ubavu, kama amekuja kupigwa picha. Niliondoa kifungio cha usalama. Ule uzito ulikaa palepale nilipouweka, moyo wangu unapiga ngoma lakini mtutu umetulia. Nilikuwa naye kabisa.

Nyuma yake hakukuwa na udongo. Ni mbingu tu.

"Piga basi," Gurdip alinong'ona. Macho yake hayaoni kilicho nyuma ya mnyama.

Sikupiga. Kama ningekuwa na ile nyepesi ningeinyakua, nikakimbilia kwenye kona ya ua, nikapata pembe nyingine. Na pengine, kwa haraka hiyo, ningepiga vibaya zaidi. Sijui. Mbweha alimaliza kututazama, akashuka upande wa pili. Nikasikia Gurdip anapumua kwa pua. Nilipomweleza, alinigonga bega, lakini niliona anavyowahesabu wanakondoo kwa macho yake yale.

Kwenye gari, tulipoanza kuona taa za mji, Mama Neema aliuliza:

"Juu ya nini hukupiga?"

"Nyuma yake palikuwa wazi. Risasi ingekwenda nisikoona. Huko ng'ambo kuna nyumba za watu."

Aligeukia dirishani.

"Bale ba kwetu habakuwa banauliza risasi inaenda wapi."

Nimechagua ile nzito. Kama itakaa kwa Gurdip, haitakuwa na safari ndefu begani mwangu, ni kutoka kabatini mpaka kwenye tuta. Na uzito ule unakulazimisha uchague mahali pako pa kulala mapema, ujue nyuma ya shabaha kuna nini, kabla mnyama hajafika. Mtu mwenye haraka kama mimi anauhitaji.

Lakini usiku huu yule mbweha ana njaa na mimi niko Stechford. Hilo ndilo linalonikwaruza. Gurdip atakaa tena dirishani na tochi.

Kesho, wakati wa chakula cha mchana, nitawapigia polisi kuuliza kama inaruhusiwa bunduki yangu ihifadhiwe kwake. Wakikataa, sinunui. Nimekwenda jikoni sasa hivi kumwambia. Alikuwa amenipa mgongo, anakaanga samaki.

"Wakikataa, sinunui," nikasema.

Hakugeuka. Alinisogezea kitunguu na kisu, nikaanza kukata.