Shaba Chini ya Pete ya Nyuma

Gesima, Nyamira
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gibson,

Mwanza hamjambo? Wifi Kabula kile kikohozi kimemwacha? Naandika Kiswahili ili naye asome mwenyewe, maana wewe ukitafsiri hunipunja. Sisi tu wazima, chai inachumwa, na baba yetu, Tata, bado anakula ugali wa wimbi na kulalamika kwamba ni mdogo.

Simu zangu hupokei tangu mgombane na Tata Krismasi, kwa hiyo utasoma. Keti kwanza.

Unakikumbuka kile chuma chake, kikalio kinachofungwa juu ya bunduki kubeba darubini? Anasema alikichonga kwa tupa alipokuwa fundi kwenye shamba la mzungu kule Sotik, na mzungu alipouza bunduki akamwachia. Ulimwambia mbele ya wakwe kwamba alikiokota. Tangu siku hiyo hajakitoa kabatini, wala hasimulii kitu.

Basi nikasikia kwamba Ronak, mwenye duka la vifaa mjini Kisii, anavijua vyuma vya zamani vya namna hiyo. Nikampelekea. Lakini mimi naye! Nilikisugua kwanza kwa majivu kama sufuria ya wageni, nisiaibishe ukoo. Ronak akashika kichwa. Kumbe ile rangi kuukuu na kutu ndivyo wajuzi husoma ili kujua chuma kilitoka wapi. Nililia pale dukani, nikajua nimefuta jina la baba yangu.

Akaleta kioo cha kukuzia. Pete mbili zinazokumbatia darubini zina muhuri wa kiwanda. Kikalio hakina muhuri, na tupa imeacha mikwaruzo tumboni. Nikashangilia mapema. Ronak akasema mkono umekichonga, ndiyo, lakini mkono wa nani?

Jumapili akaja nyumbani kumwuliza Tata. Mzee akasema polepole, "Fungueni pete ya nyuma. Chini yake kuna tundu nililotoboa vibaya. Nililiziba kwa shaba ya ganda la risasi, mzungu asijue."

Gibson, hilo hakuwahi kutuambia hata mara moja. Skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu, tukazipaka mafuta, tukanywa chai mara mbili tukisubiri. Pete ilipotoka, shaba ilikuwa pale, ya duara, ndogo kama punje ya mtama. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Ronak alimpa Tata mkono kwa mikono yote miwili, akamwita fundi.

Tata hakujisifu. Alikishika kile chuma kwa muda, akaniambia, "Mwandikie Gibson. Mwambie sikuokota, ila tundu moja nilikosea."

Miaka themanini na sita, mdogo wangu, na yeye ndiye anayekiri kosa. Panda basi uje.

Nisalimie Kabula na watoto. Shangazi Gesare na jirani yetu Mogaka wanawasalimu sana. Mungu awafikishe salama mlangoni kwetu.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Nyanchera