Siyo Wewe Uliyenyamaza

Dada yangu,

Huku sisi wazima. Kibanda changu cha kushona viatu kipo palepale, na mama bado ananigombeza nikichelewa kula.

Dada, barua pepe zako sikuzisoma, na si kwa kukosa njia. Maktaba ya mtaani ina kompyuta na mtandao wa bure. Nilikwenda mara moja. Binti wa maktaba akaniambia, "Baba, weka nywila." Nikavua kofia, nikamjibu, "Nywele nimenyoa jana, mwanangu." Chumba kizima kikaangua kicheko. Kumbe nywila ni lile neno la siri ulilonipa! Nikaondoka, sikurudi tena.

Hilo lingesameheka. Kibaya ni kwamba mama alipouliza habari zako, nilimwambia umetutupa. Akaamini, dada. Akaacha hata kukutaja.

Leo asubuhi nimemkuta anafuta vumbi kwenye picha yako huku analia. Nikashindwa, nikamweleza yote.

Akasema, "Yaani wewe kuona haya ndiko kulikoninyima mtoto? Vaa viatu, twende."

Tuko maktaba sasa. Yule binti amenisaidia kufungua, nami nimemsomea mama barua zako zote, mpaka ile uliyouliza kama bado yu hai. Hapo akanishika mkono kwa nguvu. "Mwandikie nipo," akasema. "Mwandikie sasa hivi."

Basi, yupo.

Tujibu, dada. Nitukane unavyotaka. Nitamsomea mama kila neno, siruki hata moja.

Mdogo wako, mwenye makosa