Mahamri ya Kambini

Jumatano, 2 Julai 2025

Kimani kinyozi kafunga kibanda chake pale geti la kambi. Asema pesa za jeshi zimekatwa, nusu ya wanajeshi wamehamishwa, amnyoe nani. Arudi bara. Sikuamini. Serikali yenye manowari ishindwe na hamri?

Nikamuuliza Rama, mume wa binti yangu Mwanarehema. Ni kibarua wa jikoni huko kambini, na ndiye apelekaye mahamri yangu kila asubuhi, mwaka wa sita huu. "Mama, yako hayaguswi. Mkubwa wa jikoni bila hamri la Bi Zubeida hanywi chai."

Nilifurahi. Halafu nikawaza – huyu kujua kusifu kaanza lini?

Jumamosi, 5 Julai

Mwanarehema mgongo wamuuma, mimba mwezi wa saba. Nimemfulia nguo za mumewe. Mimi hunusa kabla ya kuloweka. Shati la Rama siku zote lanuka vitunguu mpaka pua yachoka. Leo – moshi wa magari. Na shingo yake imeiva kwa jua. Mpishi gani huchomwa na jua jikoni?

Kuna mwanamke. Wallahi kuna nyumba mahali yafungua kinywa kwa mahamri yangu.

Binti yangu sijamwambia. Si hali ya kuambiwa.

Jumanne, 8 Julai

Nimetia chumvi mahali pa sukari. Mahamri themanini. Hata kuumuka hayakuumuka vizuri. Nikafunika ndoo kwa kawa, nikampa Rama.

Hesabu yangu ni hii: wanajeshi wakila hayo, Rama atarudi na matusi. Akila mwanamke, atameza kimya.

Saa nane kaja, ndoo tupu. Wamesemaje? "Wamesifu, mama. Leo umejipita mwenyewe." Akanywa maji gilasi tatu, akaondoka bila kunitazama.

Nimekupata, Rama.

Jumatano, 9 Julai

Nimevaa buibui nikaenda hadi getini. Askari wa zamu kijana wa bara, Wafula, ana adabu zake. Nikamuuliza, mahamri ya jana yalikuwaje? Akacheka. "Nyanya, mahamri yalikwisha. Siku hizi twapewa mkate, tena wa kuhesabiwa." Vibarua wote wa jikoni walisimamishwa tangu bajeti isomwe, mwezi wa sita. Rama pia. Hajakanyaga pale.

 Sikurudi nyumbani. Moshi wa magari ni wapi kama si stendi ya feri?

Alikuwepo. Ndoo yangu, kawa yangu, aproni yake nyeupe, juani. Auza kwa wapita njia. Nilijibanza kwa muuza njugu, mama mmoja aitwa Dorothy, nikangoja huyo mwanamke atokee. Hakutokea.

Dorothy akanionya. "Ya huyo ni matamu, lakini jana? Chumvi tupu. Watu walimrudishia, mmoja akamtupia kifuani. Akaketi hapo akala moja baada ya moja tunamwona. Eti mama mkwe wangu hakosei, ninyi ndio hamjui kula. Yakamshinda, mengine akawapa samaki."

Nikanunua njugu. Meno ya kuzitafuna sina.

Alhamisi, 10 Julai

Leo sukari, iliki, tui zito. Nazi moja zaidi.

Nikisema, namvua nguo. Mkwe ni wa kusitiriwa, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nisiposema, azidi kuungua na jua kwa uongo, na mtoto yuaja, na Mwanarehema hajui kama mumewe hana kazi. Tena nitasemaje? Kwamba ile chumvi niliitia kwa kusudi? Mimi, Zubeida?

Hodi imepigwa, ni Rama. Aproni imenyooka, kapiga pasi. Shikamoo mama. Kambini wataka kumi zaidi leo.

Nimesema marahaba. Nikamwambia akae, nakuja. Nimejifungia chumbani naandika haya. Mahamri yako ukumbini mbele yake, tayari.

Namwona kwa pazia. Kageuka kuangalia mlango wangu. Kainua kawa. Kavunja kipande cha hamri la juu, kakiweka ulimini, kangoja. Kafumba macho. Karudisha kawa polepole, nisisikie.

"Mama, niende?"

Naweka kalamu, nashika kitasa.