Marehemu Aliyefufuliwa kwa Wino

Bariadi, Jumanne, mwezi wa nane, 1956

Upepo tangu asubuhi. Vumbi mpaka kwenye meno, na moyo wangu umechafuka kuliko shati.

Leo nimemsindikiza jirani yangu Kabula barazani kushtaki. Shamba alilolilima peke yake tangu tulipomzika baba yake, mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, amejitwalia ili apande pamba yake. Mvua zikianza kabla Kabula hajarudishiwa, basi limekwenda.

Na mwanangwa mwenyewe tumemkuta ndani, anakunywa chai na wazee wa baraza. Mshtakiwa huyo! Sisi wenye shida tumesimamishwa juani.

Karani wao ni mtu wa pwani. Miaka mitatu yuko hapa na Kisukuma chake kinaishia kwenye kuitikia salamu ya "mwangaluka", tena puani. Kaptula amepiga pasi utadhani ndiyo inayohukumu. Akauliza bila kuinua macho, "Baba yako yupo?"

"Yupo," akajibu Kabula.

Akaandika. Kesi ikaishia hapo: mwenye shamba yu hai, aje kushtaki mwenyewe.

Mjinga gani asiyejua kwamba kwetu ndugu wa baba ni baba, hatumwongezei "mdogo"? Kabula alimtaja mzee aliyemlea. Alipojaribu kueleza kwamba aliyemzaa amekufa, karani akafoka, "Mara yupo, mara amekufa! Unacheza na baraza?"

Wazee wakacheka. Wasukuma wenzangu, wanaolijua neno hilo tangu wananyonya! Chai ya mwanangwa imewageuza mabubu. Ptuu!

Lakini acha niseme kweli, daftari halina masikio.

Mimi ndiye niliyemfundisha Kabula jana: "Jibu kwa kifupi, mayu, mama yangu. Usieleze-eleze, watakukasirikia." Mimi, mwalimu mzima, ninayezijua lugha zote mbili. Na pale nilikuwa nyuma yake, nimeshika kofia, kimya kama wale wazee. Niliogopa karani asije akanisemea kwa wakubwa wa shule.

Ninawadharau wote, na mimi nimo.

Njiani Kabula hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nilikosea Kiswahili?"

Hukukosea, mayu. Ulisema sawasawa.

Alhamisi tunarudi, na safari hii nitasema mimi, kwa kirefu, mpaka karani aishiwe wino. Au nitashika kofia tena?